Sajenti Asiyejua Kutia Chumvi

Wifi yangu ni sajenti wa polisi, na kama kuna mtu aliyezaliwa bila kiungo cha uongo mwilini, ni yeye. Sisemi hivi kwa kumsifu. Ukimuuliza gauni lako jipya limekukaaje, atakwambia. Siku ya harusi yangu, nimekaa pale mbele na shela kichwani, aliniinamia akaninong'oneza kwamba walionipaka poda wamesahau shingo. Ilikuwa kweli, na nusura nimpige na maua. Kaka yake, yaani mume wangu, anasema alikuwa hivyo tangu utotoni. Akivunja sahani alikwenda kumwamsha mama yao usingizini amwambie, na ikivunjwa na kaka mtu alikwenda vilevile.

Kituoni wanamwita Rula. Anajua, wala halimkeri.

Mimi nina saluni ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango na kituo hicho. Kioo changu kikubwa kinatazama kaunta yao, kwa hiyo nikiwa nasuka nywele za mtu nageuza macho kidogo tu na najua nani kakamatwa, nani kaja kulia, na askari gani anasinzia. Si kituo cha kujivunia. Ubao wa kaunta umelika kwa viwiko vya watu. Gari lao la doria liko uani juu ya matofali, magurudumu yamekwenda kufungwa kwenye gari la kituo kingine, na paka amezalia kwenye kiti cha dereva. Pingu zinazofunga vizuri ni jozi moja. Ukienda kuripoti mwizi wanakuuliza kama una usafiri. Nimewahi kumwona mwizi na aliyeibiwa wakiletwa kwenye pikipiki moja, askari katikati, na nauli katoa aliyeibiwa. Nilicheka mpaka mteja wangu akalalamika namvuta nywele.

Tatizo la mtaa wetu lilikuwa uchochoro. Upande mmoja kuna ukuta mrefu wa ghala, upande wa pili uzio wa reli, na katikati ni njia ya watu wawili kupishana, yenye tope la bomba linalovuja tangu sijui lini. Mwisho wake upande wa juu kuna kiwanda cha nguo. King'ora cha jioni kikilia saa kumi na mbili, wanawake wanamiminika kutoka kiwandani, nyuzi zimewaganda kwenye nguo na miguu imevimba kwa kusimama, na wote wanapita pale kwa sababu barabara kuu ni mzunguko mrefu mno. Vijana wachache walikuwa wanakaa kwenye makaravati ya saruji, yale mabomba makubwa ya mtaro, wakiwasubiri. Leo pochi, kesho simu, keshokutwa vyote viwili na kofi la bure juu yake.

Binti yangu wa kwanza anafanya kazi kwenye kiwanda hicho. Anashona kola. Msidhani kola ni kazi ya kila mtu. Ndiyo sehemu ya shati inayomuumbua fundi, na yeye walimweka hapo kwa sababu ya vidole vyake. Kila jioni, king'ora kikilia, mimi sikutulia mpaka nimwone anatokeza kwenye kona ya ghala. Nilikuwa nasuka huku nimetoa macho dirishani kama mwehu.

Basi nikamvaa wifi yangu. Nilimvaa kila alipoingia saluni kunywa chai.

"Wifi, nyie mnalipwa kwa kazi gani? Mwanangu anapita pale roho mkononi!"

"Tuko wachache, wifi."

"Wachache, wachache! Kila siku wachache. Nikipita kaunta nakuta wanne wanacheza bao."

"Watatu," akasema. "Wa nne alikuwa mahabusu."

Unaona mtu huyo? Lakini alikuwa analifikiria jambo lenyewe, na siku moja alikuja amekaa wima kwenye kiti changu cha kuoshea nywele, akanieleza mpango wake. Askari wengi wanaishi kwenye kambi yao ndogo, na kambi iko mwisho wa uchochoro ule ule, upande wa juu, jirani na kiwanda. Zamu ya mchana ilikuwa inabadilishwa saa kumi jioni. Wanaotoka wanakwenda kambini, wanaoingia wanatoka kambini, wote kwa barabara kuu, hawataki viatu vishike tope. Yeye akataka kubadilishana zamu kusogezwe mpaka saa kumi na mbili, king'ora kinapolia, na wote wapite uchochoroni, wawili wawili, ndani ya sare. Wanaoingia wanashuka, wanaotoka wanapanda, na wanawake wa kiwandani katikati yao. Hakuna gari, hakuna petroli, hakuna askari wa kuongezwa.

Nikamwambia, "Na hilo limewachukua miaka yote hii?"

"Halikumchukua mtu yeyote," akasema. "Nimelifikiria juzi."

Mkuu wa kituo, mzee wa watu anayehesabu miezi ya kustaafu, alimruhusu kwa sharti moja tu, asimdai petroli. Askari ndio walionuna. Koplo mmoja mnene, ambaye ninamkata nywele mwenyewe, alinilalamikia kichwa kizima kuhusu viatu vyake, mkewe, na mpira wa jioni aliokuwa hauwahi tena kwenye televisheni. Wifi yangu hakubishana naye. Siku ya kwanza alitangulia yeye, akakanyaga tope mpaka kwenye vifundo, na wote wakamfuata wakitukana chinichini.

Wiki hazikupita nyingi uchochoro ukatulia. Wale vijana walijaribu kubadili saa, lakini saa nyingine hakuna wa kumpora, njia inakuwa tupu. Wakahama. Kwenye makaravati ya saruji wakawa wanakaa akina mama wanaouza karanga. Binti yangu akaanza kurudi nyumbani anaimba. Mimi nikapona ugonjwa wa dirishani, na nakiri hapa wazi kwamba nilimpenda wifi yangu siku hizo, hata aliponiambia rangi niliyopaka ukutani inafanana na kamasi.

Halafu Kamanda akatangaza ziara.

Kamanda ndiye mkubwa wa vituo vyote vya upande wetu. Anapokuja, wanapaka chokaa mawe ya uani, wanafukuza paka kwenye gari bovu, na wanatualika sisi wananchi tukae chini ya turubai tupige makofi. Kabla ya siku hiyo, mkuu wa kituo aliwaita askari wake, akawaambia jambo ambalo Koplo alinisimulia nikiwa na mkasi masikioni mwake: wakiulizwa hali ikoje, waseme ni mbaya. Kwa nini? Kwa sababu mkuu wa kituo cha sokoni, kila akisimama mbele ya Kamanda, anatoa leso. Ana leso maalumu kwa kazi hiyo. Analia kwamba watu wake wanakwisha, majambazi wamemzidi, na kila akilia anapewa kitu. Hayo magurudumu yaliyotoka kwenye gari letu yako kwake.

Nilimwita wifi yangu pembeni. "Sikiliza. Kesho ukiulizwa, tia chumvi. Sikuombi useme uongo. Tia chumvi kidogo tu."

"Chumvi ya nini?"

"Sema bado kuna vitisho. Sema watu wana hofu."

"Watu hawana hofu. Wewe mwenyewe unaimba siku hizi. Tena unaimba vibaya."

Niliondoka kabla sijamtupia kitana.

Kesho yake nilikaa safu ya pili chini ya turubai, nimevaa vizuri. Mkuu wa kituo alisema hali ni mbaya kwa sauti ya mtu aliyekariri. Kamanda, mtu mrefu mwenye miwani, akageuka akauliza, "Na ule uchochoro wa kiwandani niliokuwa nasikia habari zake? Nani anausimamia?"

Wifi yangu akapiga hatua mbele, akapiga saluti. "Mimi, afande."

"Ukoje?"

Nilimkazia macho. Mkuu wa kituo alimkazia macho. Nadhani hata Koplo aliomba dua.

"Shwari, afande. Tangu tusogeze zamu hakuna aliyeporwa. Hata mmoja."

Makofi yakapigwa na wajinga waliokaa mbele. Kamanda akatabasamu, akamsifu, akasema hivyo ndivyo anavyotaka kusikia. Halafu akamgeukia msaidizi wake na kumwambia, tena kwa upole kabisa, kwamba ikiwa hapa pametulia, basi askari wa hapa ni wengi kuliko kazi iliyopo, na wenzetu wa sokoni wanataabika. Akachukua nusu yao papo hapo. Na lile la zamu, akasema, ni wazo zuri, ila saa za kubadilishana zamu zimepangwa na makao makuu kwa vituo vyote, haiwezekani kila kituo kiwe na saa yake. Warudi saa kumi.

Jamani! Nilisimama pale pale, mume wangu akanivuta gauni nikae. Hivi ni akili gani hiyo? Mgonjwa anakunywa dawa anapata nafuu, unamnyang'anya dawa kwa sababu amepata nafuu? Na sababu yenyewe ni askari mmoja katika nchi nzima aliyeamua kusema kweli siku ile. Nilikuwa na hasira na Kamanda, lakini yeye hakuwa wifi yangu. Hasira yote nilimpelekea aliye karibu.

"Umefurahi?" nilimuuliza jioni. "Umesifiwa, umefurahi?"

"Aliniuliza, wifi. Ningesemaje?"

"Ungesema wanavyosema wenzako!"

Alikunywa chai yake yote, akaosha kikombe, akaondoka. Toka siku hiyo, baada ya kazi alikuwa anakwenda kusimama uchochoroni mwenyewe saa kumi na mbili, siku zile asipoitwa kulinda mkutano, au benki, au nyumba ya mtu fulani anayemwoza binti yake. Aliitwa mara nyingi kuliko alivyosimama. Walikuwa wamebaki wachache kiasi kwamba Koplo alikuwa anashika kaunta, mahabusu na simu kwa wakati mmoja, na bado anapata nafasi ya kulalamika.

Binti yangu nilimkataza kupita pale. Alikubali kwa mdomo. Lakini mtu aliyesimama kwenye mashine kutwa nzima hawezi kuzunguka barabara kuu kwa sababu mama yake ana wasiwasi. Walikubaliana na wenzake wapite kwa kundi. Siku ile walimrudishia kola zilizopinda, si zake, za mwenzake aliyekuwa mgonjwa, akabaki kuzifumua. Alipotoka kundi lilishapita.

Wale vijana walikuwa wamerudi, wakamvuta pochi. Mkanda wake haukukatika, naye hakuwahi kuuachia, wakamkokota mpaka kwenye uzio wa reli. Mkono wa kulia ukaingia kati ya vyuma na mwili ukaenda upande mwingine. Walichopata ni kitambaa cha kichwa, mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, na simu yenye kioo kilichopasuka. Akina mama wa karanga ndio waliomleta saluni. Nilikuwa na mteja nusu kichwa kimesukwa, nikamwacha hivyo hivyo.

Hospitali walimfunga plasta kutoka vidoleni mpaka kiwikoni. Daktari alisema kifundo kitaunga. Kuhusu vidole, alisema tusubiri tuone.

Sikusubiri. Nilivuka barabara, nikaingia kituoni, nikampigia wifi yangu kelele mbele ya askari, mahabusu na mkuu wake. Sitarudia niliyoyasema, mengine hayaandikiki. Alisimama nyuma ya kaunta akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema neno moja tu, "Nisamehe," na mimi nikamwambia simsamehe.

Mkuu wa kituo alitoka ofisini, akanipa pole nyingi. Ni mtu mwema, naapa ni mtu mwema, ndiyo maana nilitaka kumng'ata. Alimgeukia wifi yangu, uso umemchangamka kama mtu aliyepata funguo zake zilizopotea.

"Sajenti," akasema, "sasa tuna tukio. Mtu ameumia. Sasa naweza kuomba askari wangu, hawawezi kuninyima."

Na kweli, hawakumnyima. Askari walirudi kabla plasta ya mwanangu haijaanza kuchafuka. Hata ile ruhusa ya saa kumi na mbili, ambayo ilikuwa haiwezekani kwa sababu ya nchi nzima, ikawezekana. Wakaanza tena kupanda na kushuka wawili wawili, Koplo na tope lake, na uchochoro ukatulia kama zamani.

Plasta ilipotoka, vidole viwili havikurudi sawa. Vinakunja, lakini havishiki kitu chembamba. Kiwandani hawakumfukuza, nawashukuru kwa hilo. Walimtoa kwenye kola wakamweka kwenye kukunja mashati na kuyatia kwenye mifuko. Anasema ni kazi nyepesi. Anasema hivyo kila siku, bila kuulizwa.

Tulikaa muda mrefu bila kusemeshana na wifi yangu. Aliyetupatanisha ni binti yangu mwenyewe, aliyemwalika nyumbani siku ya mapumziko bila kuniambia. Mume wangu alisimulia habari za mpira ambazo hakuna aliyezitaka. Mwishowe binti yangu akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza bei ya kitu:

"Shangazi, Kamanda anakuja tena mwezi ujao, sivyo?"

"Anakuja."

"Na sasa hivi uchochoroni kumetulia."

"Kumetulia, mwanangu."

"Kwa hiyo akikuuliza utamwambia kumetulia, awachukue tena. Halafu atavunjwa nani, ndiyo warudi?"

Mume wangu aliweka kijiko chini. Wifi yangu alikuwa anautazama ule mkono mezani, vidole viwili vimetengana na vingine. Alipoondoka alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakishikilia kwa muda, akaenda zake.

Siku ya ziara walipaka chokaa mawe, wakafukuza paka. Nilikaa safu ile ile. Sikuwa nimemwomba kitu safari hii, wala kumvuta pembeni. Nilijiambia atakachosema na kiwe, nimechoka.

Kamanda alifika mbele ya wifi yangu. "Sajenti wa uchochoro! Nakukumbuka. Hali vipi safari hii?"

Akapiga saluti. Alichelewa kujibu mpaka watu wakaanza kugeuza shingo.

"Mbaya, afande," akasema. "Hali ni mbaya sana. Wale vijana wameongezeka, wana visu. Akina mama wanaogopa kupita. Tukipunguzwa hata askari mmoja, atakufa mtu."

Hakuna kisu. Hakuna vijana. Akina mama wa karanga walikuwa wameketi pembeni yangu wakatazamana, na mmoja akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Kamanda alivua miwani. Alitikisa kichwa kwa huzuni, akamwambia msaidizi wake hapa pasiguswe, tena paongezwe wawili. Halafu akatugeukia sisi wote chini ya turubai, akanyoosha mkono kuelekea kwa wifi yangu, na kusema huyu ndiye askari anayemtaka, asiyemficha mkubwa wake kitu, msema kweli. Akaomba apigiwe makofi. Yakapigwa kwa muda mrefu. Mimi nilipiga kuliko wote, mpaka viganja vikaniuma, na nilipomtazama usoni nikaacha.

Nilidhani nitafurahi. Tangu niolewe nilikuwa namwomba mwanamke huyu adanganye, hata kuhusu rangi ya ukuta tu. Badala yake nilijisikia kama mtu aliyevunja kitu cha watu na hawezi kukilipa.

Baada ya wageni kuondoka alivuka barabara na sare yake, akaingia saluni, akakaa. Nilimwekea chai, hakuigusa. Nikamwambia amefanya vizuri. Nikamwambia ni kwa ajili ya mtoto.

"Miaka yote hii nimesema kweli pale kituoni, wifi," akasema, "hakuna aliyewahi kunipigia makofi kama ya leo."

King'ora kikalia, akanyanyuka akavaa kofia, akaenda kupanga askari wake, na baada ya muda binti yangu akatokeza kwenye kona ya ghala, pochi begani, salama.